Kaburi Nililomtumia Mama

Kipara, upo? Nimefanya jambo la kijinga na sijui nalifutaje.

Jana nilikwenda makaburini kumzuru baba. Hakuna makaburi. Nasema hakuna! Tangu tuhame mji huu pamekuwa maegesho ya magari, lami tupu. Mlinzi ananiambia, "Mzee, kama huna gari toka, unaziba njia."

Mama sikumwambia.

Leo shemeji yako akanivuta twende kwenye yale magofu nje ya mji, eti nipunguze mawazo. Huko nikakuta kaburi la mtu aliyekufa karne na karne zilizopita, hata jina lake halijulikani. Limezungushiwa kamba, na linafagiliwa kila asubuhi! Nikasimama pale kama nguzo.

Ndipo mama akapiga. "Baba we, umeshafika kwa mzee wako? Nitumie picha. Kwa miguu hii mimi sifiki tena."

Kipara, nikalipiga picha kaburi la magofuni, nikamtumia. Shemeji yako akanitolea macho: "Umemfanya nini mama wa watu?"

Nilidhani atalikataa. Macho yake yalivyo makali, si unayajua? Kumbe kalia kwa furaha. "Jamani, wamemtunza! Na mimi nilidhani wamemtupa."

Sasa hivi kanitumia ujumbe wa sauti. Anasema ameshawaambia dada zangu wote, siku yake ikifika wasihangaike kutafuta mahali. Alazwe ubavuni mwa baba, na mimi ndiye nitakayewaongoza, maana ndiye ninayepajua.