Muwasho Usio na Upele

3 Machi

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula na unalala. Sisi huku hatujambo, isipokuwa simu yangu, ambayo sasa ni marehemu. Ilichupa kutoka mfuko wa aproni ikaingia kwenye beseni la mashuka, na nilipoiona nilikuwa nimeshaisuuza mara mbili. Usicheke.

Hata ingekuwa hai, hili ningekuandikia, maana simu iliyobaki ni ya mdogo wako, na habari yenyewe ni yake. Kitinda mimba wetu anawashwa. Anawashwa viganja na nyayo, na hana upele hata mmoja. Juzi nilimkuta amekaa kwenye ngazi anajikuna nyayo kwa ile brashi yangu ya kusugulia kola. Muuguzi wa kliniki alimpa losheni, akapaka ikaisha, bado.

Mimi najua ni sabuni. Tangu mumewe asafiri na lori, amekuwa akinisaidia kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Nimemfukuza kwenye mabeseni, nimemkataza hata soksi. Wiki mbili sasa zimepita na ndiyo kwanza anazidi. Mimba ina miezi saba na nusu.

Naogopa, mwanangu. Nina sababu yangu, wala haiandikiki. Wewe unafanya kazi maabara, niambie kitu kimoja tu: sabuni ikishaingia mwilini, inatokaje?

Mama wa wawili,
Mama yako


11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na barua yako imefika jana. Naituma hii kwa basi la leo ili isikawie kama yako.

Jana hiyohiyo nilimpigia Kitinda. Nikamwambia aende hospitali kubwa wapime damu yake. Akacheka! "Dada, Mama kashasema ni sabuni. Mama kafua miaka thelathini, wewe umefua nini?" Nikamwambia akupe simu, nikakusikia kwa mbali ukisema mikono yako ina povu. Mama, povu linafutika. Ulikuwa unanikwepa.

Sasa nisikilize. Unajua kazi yangu ni kulea seli kwenye visahani. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, wenye tabaka mbili, la ndani na la nje. Vitu havipiti hapo ovyo. Ndani ya utando zimekaa protini, na kila moja ina kazi yake: hii hupitisha maji, ile chumvi, nyingine husukuma sumu nje. Ninayoichunguza mimi kwa miaka minne sasa hubeba mafuta. Huyashika kwenye tabaka la ndani, huyapindua, huyaweka tabaka la nje. Tunayatia mafuta rangi inayong'aa, kisha natazama kama yamevuka. Protini ikiwa na kasoro, mng'ao unabaki ndani, na Profesa anasema, "Haya, huyu mpagazi amelala."

Mpagazi huyo anaishi kwenye ini. Nyongo inapotoka ndani ya ini lazima ikutane na mafuta anayoyabeba. Akilegea, nyongo huharibu njia zake na kuanza kurudi kwenye damu. Wako wanawake ambao mpagazi wao ana udhaifu kidogo tangu kuzaliwa, na maisha yao yote hawajui, mpaka mimba iwaelemee. Hapo huanza kuwashwa. Viganja na nyayo, Mama. Bila upele.

Muwasho haumuui mama. Ila ile nyongo inaweza kumfikia mtoto, na mwishoni mwa mimba moyo wake unaweza kusimama ghafla, bila dalili. Sijui kwa hakika kama Kitinda ana shida hiyo. Damu ndiyo itasema. Waambie wapime asidi za nyongo na hali ya ini. Mtazame macho kama yana umanjano, na umuulize kama mkojo umekoza kama chai.

Swali la mwisho, na unijibu kweli. Wewe uliwashwa? Kuna mimba ilikuwa kabla yangu? Udhaifu huu hutembea ndani ya ukoo.

Mimi simuwezi yule, kichwa chake unakijua. Anakusikia wewe tu. Mpeleke.

Kifungua mimba wako


14 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili upo, hali sina.

Nilisoma barua yako chooni, mlango nimeufunga kwa komeo. Macho nimemtazama, yana umanjano kwenye pembe. Mkojo anasema umekoza, anadhani hanywi maji.

Ulichouliza ni kweli. Nimekuita kifungua mimba maisha yako yote, nawe hukuwa. Kabla yako walikuwepo wawili. Wa kwanza wa kiume, wa pili wa kike. Wote walitimiza miezi tisa kasoro siku chache, na wote walitoka kimya. Wa kike alikuwa na nywele nyingi. Marehemu baba yenu aliniambia tusiwataje, na mimi nikaona afadhali.

Mimba zote mbili niliwashwa hadi nikajitoa damu. Wakati huo nilikuwa nafua mashuka ya hospitali kwa ile sabuni kali ya unga. Mfuaji mwenzangu mmoja akaniambia sabuni huingia kwenye viganja ikamfikia mtoto. Nikaamini. Mimba yako nikaacha kazi, tukala kwa shida, sikugusa povu. Niliwashwa vilevile, nikasema hii ni ile ya zamani haijaisha mwilini. Ukazaliwa wiki tano kabla ya wakati, na ulilia. Mdogo wako naye hivyohivyo, alikuja mapema. Basi nikajua nimepatia.

Sasa nitamwambiaje yule mtoto? Nikimpeleka hospitali daktari ataniuliza, nami nitajibu mbele yake, naye atajua mama yake aliua wawili kwa kazi ya mikono yake, kisha na mjukuu wake akamtia kwenye mabeseni yaleyale. Nijibu kwanza, tafadhali. Ni sabuni au si sabuni? Nikishajua hilo nitapata ulimi wa kusema.

Mama yako


17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia nimemaliza, sasa nakujibu. Nimempa dereva wa basi barua hii mkononi.

Ni sabuni. Ila si ya kwenye beseni. Nyongo yenyewe ni sabuni, Mama. Kazi yake tumboni ni hiyohiyo unayoifanya wewe, kung'oa mafuta. Wewe unajua kuliko Profesa wangu kwamba maji ya sabuni yasiyo na nguo hula mikono, na ukitia nguo chafu yanapata cha kula. Yule mpagazi kazi yake ni kuitilia nyongo mafuta ili iwe na cha kula. Akilegea, inakula ini. Ulikosea beseni tu.

Hukuua mtu. Hakuna sabuni ya unga iliyopita kwenye viganja vyako. Mimi na Kitinda hatukupona kwa sababu uliacha kufua. Naamini tulipona kwa sababu tulitoka mapema, kabla sabuni ile ya ndani haijatufikia.

Umeelewa maana yake? Kitinda yuko wiki ya thelathini na tano. Wale wawili walifika mwisho. Huyu asifike huko bila daktari kujua. Usisubiri kupata ulimi. Nenda nao huohuo ulionao.

Naogopa hata kuandika zaidi.

Mwanao wa tatu


22 Machi

Mama,

Shikamoo. Hamjambo? Hamjambo kweli?

Simu ya Kitinda inaita haipokelewi, tangu juzi. Leo haiiti kabisa. Nimepigia nyumba ya wageni, wanasema hujapeleka mashuka siku tatu, na wewe hata siku ya mazishi ya Baba ulipeleka mashuka.

Kazini nimemwaga kisahani cha seli za wiki sita. Profesa hakunigombeza, alinitazama tu akaniambia nikakae. Nimekata tiketi ya kesho kutwa. Kama mmenikasirikia, semeni. Kama kuna jambo, semeni pia. Nimempa dereva yuleyule, nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka mtu afungue.

Mwanao


23 Machi

Mwanangu wa tatu,

Salamu nyingi. Dereva wako amesimama hapa mlangoni kama askari, anasema haondoki bila jibu, kwa hiyo naandika juu ya magoti.

Barua yako ya tarehe kumi na saba niliisoma mara moja, nikavua aproni. Nikamwambia kila kitu kwenye benchi la hospitali, tukiwa tumepanga foleni. Nilitazama sakafu. Akaniuliza, "Wale wawili uliwaitaje?" Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Damu ilipimwa ikarudi mbaya sana. Daktari akasema hatusubiri zaidi ya siku tatu nne. Wakamlaza, wakawa wanasikiliza moyo wa mtoto kila saa. Simu yake ilikuwa mkobani hatukuisikia, kisha ikaishiwa chaji, na mimi chaja nilisahau nyumbani. Nisamehe.

Jana wakamwanzishia uchungu. Nilikaa nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia, kama nilivyolala ndani yake kwa wale wawili, nikingoja kile kimya ninachokijua. Nikaziba masikio. Nesi akaja akanitoa mikono masikioni mwenyewe.

Analia, mwanangu. Ni wa kike, mdogo kuliko mto, wamemweka kwenye boksi la joto na bado naogopa kumshika. Ana nywele nyingi. Mdogo wako anasema viganja vimeanza kutulia.

Nimekuja nyumbani kuchukua kanga na chaja tu. Njoo hiyo kesho kutwa yako. Utawakuta wote, na wale wawili nitakutajia majina.

Mama wa wanne