Pumuzi ya Syntiche mu Chapitre ya Tisa

Siku ya Tatu, 5 mwezi wa tatu 2025

Leo Syntiche aliniletea carte mémoire kutoka ku paroisse, kule anasomaka bitabu mu micro juu ya bipofu basikilize. Njo kazi yake, miaka mbili sasa. Anasema: Mama, ingiza mu telefone, usikilize pa kumenya karanga, utaacha kufikiri mingi juu ya shingo yangu. Utaacha! Sawa vile kufikiri iko robine ya maji.

Ile kivimbe ku shingo nilipima na macho: iko sawa yai ya bata. Munganga anasema ni goitre, inafinya njia ya pumuzi, lazima kupasua. Akasema tena: kwa bantu bamoja sauti inapotea. Syntiche anasema kwanza amalize kitabu yenye anasoma. Inabakia chapitre tano.

Nilianza na roman ya mapendo, mu Français, muzungu moja anasoma. Anasema polepole, karibu kabisa ya micro, sawa muntu mwenye anaogopa kuamusha mutoto. Nilimenya kilo mbili nzima, na ule mwanaume hakufika ata ku mulango ya musichana. Sikupenda.

Siku ya Tano, 7 mwezi wa tatu

Mvua. Kitabu ya polisi. Iko na muziki kila pale muntu anakufa — na banakufa mingi! Kichwa yangu inatafutaka yenyewe mambo ya kuogopa, haiombe musaada. Nilizima.

Kisha ile ya kufuga kuku. Hii njo kitabu! Mama moja anasoma pole, anasema maji, anasema chanjo, anasema usijaze kuku mingi mu chumba moja. Nilielewa yote. Siko na kuku. Nilisikiliza mara mbili.

Iko pia ya Kiswahili ya Tanzania. Tamu, lakini inakimbia. Niko nawaza neno moja, yeye amefika ku ingine kumi. Masomo yangu ilikomea mwaka wa ine, sina miguu ya kumufuata.

Mudogo yangu Victorine alipita. Akaangalia shingo ya mutoto, akasema hii haiko ya kisu, iko ya maombi, tumupeleke kwa pasteur wake siku saba. Syntiche akamujibu: Mama mudogo, ule pasteur yako, ata kikohozi yake mwenyewe inamushinda. Tulicheka sana! Kisha Syntiche akaanza kutafuta hewa, mpaka akaikala chini. Kicheko ikaisha.

Siku ya Yenga, 9 mwezi wa tatu

Haya yangu ya leo. Naandika hapa tu.

Ku carte mémoire kuna pia kitabu ya Syntiche yenye haiyakatwa. Anasoma, anasimama, paa! — anapiga kofi moja — anasoma tena. Mi nilifikiri anasalimia. Kwetu kaskazini muntu anapiga makofi mbele ya mukubwa, na mukubwa anaitika. Basi jana yote, kila paa, niko hapa na karanga yangu, naitika na salamu ya kwetu: Eyo vidye! Nikawaza, ile paroisse iko na bakubwa mingi, banaingia na kutoka bila kuchoka.

Kisha misa niliuliza Ba Donat. Yeye njo anapangaka sauti mu machine, na yeye mwenyewe ni kipofu toka utoto. Alicheka mpaka akatosha miwani. Mama Hortense, anasema, asante, hakuna muntu alishaka kuitikia pa nafasi yangu vile!

Akanielezea. Musomaji akikosa, hapana kusema pardon, pardon inapoteza wakati. Anapiga kofi moja. Ba Donat anaisikia, anajua kosa iko pale, anakata, anashona. Kofi maana yake: nimekosa, narudilia. Basi.

Siku ya Kwanza, 10 mwezi wa tatu

Nilisikiliza Syntiche toka mwanzo. Ni mambo ya mujane mwenye kuuzisha chakula karibu na mine, kule banachimbaka. Nisiseme juu ni mutoto yangu — lakini anapita bote. Muzungu amebakia mubali, polisi usiseme. Ule mujane akikaripia balevi, ni sauti yangu! Mwizi ule! Ata ile «eeeh baba» yangu alitwaa. Nilisikia haya na furaha pamoja.

Kisha nikasikia pumuzi.

Mu chapitre ya mbili anasoma musemo murefu kabisa, anavuta hewa mara moja. Mu chapitre ya tano, mara mbili. Mu ya tisa nilihesabu na karanga, nikaziweka ku sinia moja moja: tano. Tano, ku musemo moja! Na ile chapitre ya tano alisomaka mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi shingo ilikuwa ya kawaida. Anakula mbele yangu, analala nyuma ya ukuta yangu, mi mama yake sikusikia kintu. Machine ilisikia.

Nikapigia Ba Donat. Nikamuambia hesabu ya karanga. Kisha akasema alisikiaka ile pumuzi, alifikiri ni vumbi. Nilikuwa nazikata, Mama, anasema. Nilikuwa nazisafisha, kitabu ikuwe muzuri.

Sikumugombeza. Sauti yake ilikuwa sawa ya mutoto.

Siku ya Pili, 11 mwezi wa tatu

Nilipigia baba ya Syntiche, Émile, kule Sakania ku kazi ya train. Anasema: kama weye unaona, weka saini. Ni vile tu! Miaka makumi tatu: kama weye unaona.

Nikaambia Syntiche operasyo ni wiki hii. Akakasirika. Anasema kuna muzee moja kipofu anapigaka simu kwa Ba Donat kila siku ya posho kuuliza: ule mujane anaolewa ao haolewi? Bantu bananingojea, Mama!

Nikasema: Muzee atangoja.

Akasema: Na sauti ikienda?

Nikasema nataka upumue. Akauliza tena, pole sasa: Na ikienda, Mama? Nikaenda kuangalia sufuria ya sombe ku moto. Sombe ilikuwa muzuri, haikuniita.

Siku ya Ine, 13 mwezi wa tatu

Ku lopitali banatoa karatasi ya saini, maandiko kidogo kidogo sawa sisimizi. Nikasema sioni muzuri. Syntiche akaitwaa, akanisomea, Français na Kiswahili, sawa anasomaka mu micro. Akafika pale banasema sauti inaweza kupotea kabisa. Hakupunguza sauti. Hakuruka. Akasoma mpaka mwisho, hakukosa ata neno moja.

Nikaandika jina yangu. Hortense. Ile H ilipinda.

Siku ya Tano, 14 mwezi wa tatu

Banamuingiza saa mbili. Banamutosha saa saba. Kivimbe hakuna. Anapumua polepole, pumuzi murefu — sawa chapitre ya mbili! Asante Mama Maria.

Siku ya Posho, 15 mwezi wa tatu

Hasemi. Banasema nisiogope, ni mapema. Anaandika ku cahier: maji. Anaandika: mujane anabakia chapitre tano.

Siku ya Kwanza, 17 mwezi wa tatu

Hasemi.

Munganga alipita asubui. Anasema mushipa moja ya sauti imelala. Inaweza kuamuka kisha wiki, kisha miezi. Inaweza kubakia vile. Muanze kumujaribisha polepole, anasema. Victorine alikuwa pale, hakusema «nilikuambia». Aliangalia dirisha tu. Ingekuwa heri aseme.

Mi njo niliweka saini. Ile mukono yenye inaandika hapa.

Nilijaribu kusikiliza kuku. Ule mama na maji yake. Sikuweza. Sauti ya muntu mwenye mi sijui, iko muzima mu telefone yangu, na ya mutoto yangu —

Saa kumi. Ba Donat amefika na fimbo yake, ameikala ku kiti karibu na kitanda. Anauliza: Syntiche, uko? Syntiche anaitikia na kichwa. Ba Donat haone. Anangoja. Nikasema: anaitikia, Ba Donat. Bote babili, moja haone, mwingine hasemi, na mi katikati sawa waya.

Anamuambia: ule muzee alipiga simu tena. Syntiche akatabasamu, nikasema: anatabasamu.

Kisha Syntiche akafungua kinywa. Upepo tu. Sawa pneu ya baiskeli inatoka hewa. Ba Donat akageuza sikio. Nikataka kusema inatosha, mwanangu, acha, machozi ilikuwa inanishuka — nikatwaa cahier hii, nikajifanya naandika, njo naandika kweli.

Sasa Syntiche anainua mikono, na mupira ya serum ku mukono moja. Anapiga.

Paa. Mara moja.

Ba Donat ananyooka ku kiti. Anasema: Bon. Rudilia.

Syntiche anafungua kinywa tena. Siangalie. Naandika tu, naandika — Ba Donat anasema: Mama Hortense, acha kutikisa karatasi, tusikie