Motokaa ya Daktari

3 Machi 1906

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Na wajukuu wangu je? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kama bawaba za mlango.

Leo motokaa ya kwanza imeingia mjini. Nilikuwa juu ya gari la farasi nje ya posta, namsubiri daktari, nikasikia kitu kinakohoa. Kikaja chenyewe, hakuna mnyama mbele! Watu wakarukia vibarazani. Muuza vikapu akavitupa vikapu vyake. Kisha moshi ukatanda, mtaa ukatulia kama uko chini ya maji. Farasi wetu, yule jike tunayemwita Shangazi, alitikisa sikio moja tu.

Daktari amepagawa. Ameagiza ya kwake, na anataka dereva niwe mimi.

Baba yako

28 Machi 1906

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Wajukuu wanauliza kama motokaa hula nyasi. Nimecheka mpaka darasa zima likanitazama. Lakini Baba, mistari yako imepanda kama mbuzi mlimani, na mwishoni umeandika juu ya maneno yako mwenyewe. Kuna nini? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Binti yako, mwalimu

19 Aprili 1906

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako amenisomea mpishi wa daktari. Basi umeshajua.

Macho yamekwenda. Mwaka wa tatu huu naona dunia kama iko nyuma ya pazia: vivuli, rangi zinazoelea. Asubuhi mji hunijia kama ndoto. Mimi hushika hatamu tu. Shangazi ndiye anayejua nyumba ya kila mgonjwa, na penye shimo husimama mwenyewe. Lakini motokaa haina macho, mwanangu. Ya daktari imefika juzi. Nimeipapasa: viti vya ngozi laini, taa mbili baridi kama chura. Mwezi ujao anataka nianze kujifunza. Nikisema ukweli, kazi imekwisha. Nisiposema…

Baba yako

10 Mei 1906

Shikamoo Baba,

Leo sina salamu ndefu. Mwambie daktari! Ukimgonga mtoto wa mtu, utaishije? Njoo kwetu. Chumba cha uani ni kikavu, na jua linaingia.

Binti yako

26 Juni 1906

Baba,

Wiki ya saba, kimya. Nitumie hata neno moja.

Binti yako

8 Julai 1906

Mwanangu,

Anayeandika ni karani wa posta. Maneno ni yangu. Nisamehe, niliona haya.

Barua yako ilikuwa mfukoni daktari aliponipeleka uwanjani, nje ya mji. Nilikusudia kumwambia. Lakini nilitaka mara moja tu. Nikashika usukani, mwanangu, tukaelea! Hakuna kwato, ni upepo usoni na weupe mbele, kama kijana anayeota anaruka.

"Mti! Mti!" daktari akapiga kelele.

"Uko wapi?"

Akavuta breki mwenyewe.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa tatu."

"Na nani alikuwa ananipeleka kwa wagonjwa?"

"Shangazi, bwana."

Alicheka mpaka machozi, kisha akaniwekea mkono begani, tukakaa hivyo mpaka injini ikapoa. Tangu siku ile amenitafutia dawa kila mahali. Hakuna.

Daktari amenipa Shangazi, awe wangu. Njia ya kwenu haijui, kwa hiyo tutafuatana na wauza mbao, tunaondoka Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu, tufike Alhamisi jioni. Wao wataniacha njia panda ya mtaa wenu. Hapo hatutajua nyumba ipi, si mimi wala yeye. Simama mlangoni uniite, niifuate sauti yako.

Baba yako