Mtani Amenitoa Kitandani

Hospitalini, Mwanza

Mama Kandida mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Watoto hawajambo? Na mama, mguu wake umepoa? Mimi ni mzima. Najua hapo umetikisa kichwa, maana kaka Damas alishakupigia simu ya parokiani kwamba niko chumba cha wagonjwa mahututi. Ni kweli nilikuwa huko. Sasa wamenihamishia wodini, na mwandiko huu uliopinda ni wa mkono wangu mwenyewe.

Ilianza na homa pale kiwandani tunapokata minofu ya sangara. Nikadhani malaria, nikameza dawa, nikaendelea kusimama na kisu changu. Kumbe ni taifodi, na utumbo umeshatoboka. Nilizinduka nimeshonwa tumbo, mpira puani, pumzi zinakuja kwa shida. Damas aliacha duka lake la Mabatini akawa anashinda kando yangu, akinifuta uso na kunikataza hata kuinua mkono. "Tulia mdogo wangu, nyuzi zitaachia." Nami nikatulia. Nilitulia mpaka nikaanza kuzoea kufa, mke wangu, sikufichi.

Basi akaja mama mmoja mnene, Bi Kabula, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akataka niketi, nishushe miguu, nikohoe. Damas akasimama katikati yetu.

"Mama, huyu hata pumzi hana! Unataka kumuua?"

Yule mama akaeleza kwa upole kwamba nikiendelea kulala chali mapafu yatajaa makohozi na miguu itaisha nguvu, na kwamba nikiukumbatia mto tumboni kidonda hakitafumuka. Mimi nikageuzia uso ukutani.

Ndipo akauliza sisi ni kabila gani. Damas akajibu, Wangoni. Upole wote ukamtoka.

"Wangoni? Watani zangu! Mbona hamkusema mapema?" Akavuta blanketi langu. "Basi lala hivyo hivyo, baba. Sisi Wasukuma tutakuzika, na blanketi hili nachukua mimi. Mke unaye? Mzuri? Tutamtafutia Msukuma mwenye ng'ombe."

Mama Kandida, niliketi! Nilikumbatia mto, nikashika bega lake, nikaketi huku namtukana kwa sauti ya kifaranga. Maumivu yalinitoa machozi. Damas alikuwa amefumba macho akingoja nyuzi zikatike. Hazikukatika. Nikakohoa, na hewa ikaingia mpaka chini, hewa ambayo sikuwa nimeipata tangu nipasuliwe.

Tangu hapo kila asubuhi anakuja kunitukana. Mara nikasimama, mara nikafika dirishani nikishikwa. Juzi akauachia mkono wangu bila kunionya, nikajikuta natembea peke yangu. Nilipogeuka, anajifuta macho kwa kiganja. Nikamuuliza ni Msukuma gani huyo anayemlilia mtani kabla hajafa. Akaniambia nifunge mdomo nitembee.

Nisalimie mama, mwambie maombi yake yamefika. Nisalimie shemeji yangu mwalimu, na asithubutu kuja kunichukua, nauli aiweke. Kandida mbusu kwenye paji la uso, na mdogo wake pia asije akanuna.

Daktari anasema karibu ataniruhusu. Nina ombi, nawe usilikatae. Nakujua. Nikishuka kwenye basi utakimbia kunipokea mkoba, kunishika kiuno, kunilaza na kunilisha kama mtoto. Usifanye hivyo. Pale kwenye chumba cha mahututi sikuogopa maumivu, niliogopa kurudishwa kwako nimebebwa. Niache nitembee mwenyewe kutoka barabarani, hata nikipumzika njiani, hata majirani wakikusema. Wewe simama mlangoni tu, nikuone.

Akupendaye,
Baba Kandida