Kipochi Kisichogeuka

Verlene mwanangu,

Mboga ziko kwenye sufuria, zipashe moto polepole. Nusu ya mkate wa mahindi ni ya baba yako, usimmalizie.

Kuhusu asubuhi. Dada Arletha alipopitia pamba ya mfarishi wa kanisa, lile blanketi la viraka tunaloshona, nilikiinua kipochi chako ulichoshona nikasema, "Ona viraka vilivyopinda, kama meno ya mzee!" Tukacheka. Nawe ukatoka bila kula.

Basi nikakaa kwenye cherehani nikuoneshe kipochi kinavyoshonwa. Viraka nikavinyoosha, nikaweka pamba na bitana, nikashona pande zote kikiwa ndani nje, ili nikigeuze kupitia zipu. Kumbe zipu nimeiacha imefungwa! Mimi huyu ninayekupigia kelele kila siku, "Fungua zipu kwanza, mtoto wee, utakigeuzaje?" Sasa hakigeuki. Uzuri wote umebaki ndani, nje ni nyuzi tupu. Nimeona aibu peke yangu mbele ya cherehani.

Kiko hapa mezani. ~~Kifumue kabla baba yako hajakiona.~~ Hapana, usikifumue. Mwoneshe, mcheke mpaka mchoke. Jumapili kibebe, umwoneshe na Dada Arletha. Nitasimama hapohapo.

Usisahau kumfungia kuku mlango.

Kipochi chako nimekwenda nacho kanisani, kwenye kazi ya mfarishi. Nimetia miwani yangu humo, na nitakifungua mbele ya wote. Chako kinafunguka.

Mama yako