Mtunzi wa mchezo wa Iolao

Laila, Rahila kafura huku.

Ule mchezo wake wa kuigiza umeshinda leo shuleni anakofundisha. Ule wa Iolao, Mgiriki aliyechoma shingo za joka ili vichwa visiote tena, halafu sifa zote zikaenda kwa ami yake aliyevikata.

Wakaita mtunzi, akapanda jukwaani Khatib. Ndiye mwalimu mkuu wao, Laila. Hajaandika hata mstari mmoja.

Mwenyewe Rahila yuko uani, kaambiwa akaange sambusa za wageni kwa kuwa ni mwanamke.

Kaja na unga mikononi, kamwuliza mbele ya mgeni rasmi, "Mwalimu, huyo Iolao ni nani?"

Khatib kajibu, "Si ndilo lile joka."

Lile joka, Laila. Na watu wakampigia makofi.