Barua Zilizokwama Migongoni mwa Vitabu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kilimani. Tarehe 19 Agosti 1974, saa nne asubuhi.
Jina: Nashon Ogutu. Umri: miaka 51. Kazi: fundi wa kujalidi vitabu. Makao: Kawangware.

Ni kweli nimepasua migongo ya vitabu kumi na vinne vya marehemu Rasiklal. Bharat, mpwa wake, hakunisingizia. Lakini sikuiba hata ukurasa.

Nilimfanyia Mzee Rasiklal kazi miaka kumi na mmoja, nyumbani kwake hapa Kilimani. Yeye alikusanya vitabu vya kale, mimi nikavishona upya. Barua za posta alizitia kwenye bahasha mwenyewe, akaziweka kikapuni karibu na mlango, nami nikazipeleka. Karatasi zilizoharibika aliziacha juu ya meza yangu. Hizo nilizikata vipande nikazibandika ndani ya mgongo wa kitabu kwa uji wa ngano, ili ushike. Ndiyo kazi yetu.

Mnamo Februari 1973 alipatwa na kiharusi. Ulimi ukafa, na mkono wa kulia. Tangu hapo, kila Ijumaa nilikuta mezani pangu karatasi ya Kigujarati, bila bahasha, maandishi yamepinda kama ya kuku. Kigujarati sikijui. Nilidhani anajifunza kuandika kwa kushoto. Nikakata. Kila asubuhi nikiingia aliitazama mikono yangu. Mungu anisamehe, nilifikiri anataka gazeti, nikawa namletea.

Alifariki tarehe 2 Julai mwaka huu. Siku ya tano alifika bintiye, Jashoda, kutoka Kisumu. Yeye na baba yake walikosana miaka tisa iliyopita alipoolewa na Balbir, Kalasinga, asiye wa dini yao.

Akaniuliza, "Fundi, kweli baba hakuniandikia hata barua moja?"

"Hapana, mama. Ingekuwako ningeipeleka mimi."

Mezani palikuwa na karatasi ya mwisho, sijaikata bado. Aliiokota, akasoma, akaketi sakafuni.

"Hii ni yangu," akasema.

Tarehe 16 Agosti, saa tisa alasiri, Bharat alinikuta nikifungua vitabu alivyokwisha kuvipanga kwenye makasha aviuze. "Wewe Nashon, unaharibu mali!" Nikamwonyesha vipande vya barua. "Mali ni hii," nikamwambia.

Vitabu ambavyo sijavifungua vimebaki thelathini na kimoja. Kunishtaki, nishtakiwe. Ila mtu asivikwangue kwa kisu. Mgongo hulowekwa polepole kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, wino usitoke. Naomba nivifungue mwenyewe, hata nikiwa na pingu.

Hayo ndiyo niliyo nayo, sina jingine.

(Sahihi) N. Ogutu

Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Kielelezo: vipande 43 vya karatasi. Bi. Jashoda amenitafsiria kimoja: "Jibu lako halijafika. Labda posta inachelewa."
Konstebo Muli